Draiva za mtandao zikubaliane ziseme kiasi gani

Mimi ni fundi mitandao hapa Morogoro. Seva ninazohudumia, za shule, zahanati na SACCOS, nyingi ni mitumba iliyopitia Dubai, na karibu zote zinatumia Linux. Kila moja imekuja na kadi yake ya mtandao, na kila kadi ina draiva yake, yaani programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kadi. Draiva ndiyo inayoandika kwenye logi kwamba waya umechomoka au data imeshindwa kutoka. Kilio changu ni kwamba draiva hizi hazijakubaliana ziandike kiasi gani.

Amri ya ethtool humwonyesha fundi kiwango hicho kwa namba. Draiva ya e1000e, ya kadi za Intel, huanza na 7: aina tatu za ujumbe zimewashwa, hali ya waya ikiwamo. Ile ya tg3, ya kadi za Broadcom, huanza na 255: aina nane, pamoja na makosa ya kupokea na kutuma. Kwa hiyo logi mbili zikiwa kimya, huwezi kuzisoma kwa jicho moja. Huku kimya ni dalili ya uzima, kule huenda swichi ya makosa haijawashwa tu.

Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Draiva nyingi za mwanzo za Linux, kazi kubwa ya Donald Becker aliyekuwa NASA, zilikuwa na ngazi za 0 hadi 7. Ya 0 ilitaja makosa mazito pekee. Ya 7 ilimwaga hata mwanzo wa yaliyomo ndani ya pakiti (jambo ambalo kwenye seva ya zahanati silitaki kabisa). Baadaye ngazi zikageuzwa swichi, ili fundi awashe aina moja bila nyingine. Swichi zikawa za wote, lakini zipi ziwe zimewashwa tangu mwanzo, kila mwandishi akaachiwa aamue.

Wapo wanaosema fundi abadilishe mwenyewe. Kweli, ethtool inaruhusu. Lakini umeme ukikatika na seva ikawaka upya, draiva inarudi kwenye kiwango chake cha kwanza, isipokuwa mtu awe ameiandikia maelekezo. Zahanati ya kijijini haina mtu huyo.

Nataka kiwango kimoja: hali ya waya, kuwaka na kuzima kwa kadi, na makosa ya kupokea na kutuma. Habari za kila pakiti zibaki zimezimwa, zisije zikajaza diski. Vijana wetu mnaosoma kompyuta vyuoni, msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu: fungueni draiva za kadi mlizonazo, linganisheni namba zake, kisha pelekeni marekebisho kwa wanaozitunza.