Nyongo si Nyongo Siku Zote

Wapo wafasiri wanaojinaki kuwa waaminifu kwa sababu moja tu: kila neno la Kiingereza hulilipa kwa neno moja la Kiswahili, wala hawaongezi wala hawapunguzi. Kwao kamusi ni mizani, na maneno ni bidhaa zisizobadilika uzito. Madai hayo yanapendeza masikioni, lakini hayasimami. Neno ‘gall’ peke yake latosha kuyaangusha.

Asili ya neno hilo ni nyongo hasa, maji machungu yatokayo inini. Limo katika Kiingereza cha kale, tangu kabla ya mwaka 1000, na lina udugu na neno la Kijerumani ‘Galle’. Kufikia karne ya 13 lilikwisha kutoka tumboni na kuingia moyoni, likawa uchungu wa nafsi na chuki iliyofichwa. Mpaka hapo Mswahili hana la kushangaa. Naye ana nyongo mwilini na kinyongo moyoni, na aliyechokozwa husemwa ametibuliwa nyongo.

Lakini neno halikutua hapo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, huko Marekani, lilivaa maana nyingine kabisa: ujuba, utovu wa haya, ukavu wa macho. Mwizi anayerudi kubisha hodi kwa aliyemwibia, akaomba maji ya kunywa, ndiye anayestahiki kuambiwa ana ‘gall’. Mfasiri wa neno kwa neno akiandika kwamba mwizi huyo “ana nyongo”, amemgeuza mkosaji kuwa mwenye kinyongo, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Msomaji amedanganywa, na kila neno lililomdanganya limo kamusini.

Kosa la upande wa pili si dogo kuliko hilo. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare iliyoandikwa yapata mwaka 1600, mwana wa mfalme aliyeuawa anajilaumu kuwa ana ini la njiwa na amekosa nyongo. Watu wa zama hizo waliamini kwamba upole wa njiwa watokana na kukosa nyongo, na ni kweli kwamba ndege huyo hana mfuko wa nyongo. Mwenye kushika maana ya leo atamfanya Hamlet ajute kwa kukosa ujuba. Mwenye kuandika “sina nyongo” akaishia hapo, huenda msomaji wa pwani akasikia sifa: huyu ni mtu wa moyo safi, hana kinyongo na mtu. Kumbe kijana wa watu anajitukana! Anasema hana ndani yake kile kinachomfanya mtu auonje uchungu wa kudhulumiwa, akainuka kulipa kisasi. Mfasiri asiyekuwa tayari kuongeza maneno mawili matatu ili hilo lisikike, uaminifu wake ni wa karani anayehesabu magunia bila ya kuyafungua.

Hata kitabu kimoja huweza kulibeba neno hilo kwa mizigo miwili. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ‘gall’ mara nyingine ni nyongo ya mwili, na mara nyingine limesimama mahali pa neno la Kiebrania litajalo mmea wa sumu. Nani basi atakayesema kwamba jibu lake ni moja?

Watakuwapo watakaojibu kwamba hayo ni maradhi ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili kimetulia. Na walitazame neno uchungu. Uko uchungu wa mwarobaini, uko uchungu wa mzazi, uko uchungu wa msiba. Kisha yuko mtu mwenye uchungu na nchi yake, naye hana chuki hata chembe. Ana mapenzi yanayomuuma. Mgeni akilitia shairi la mtu huyo katika Kiingereza kwa neno la ladha ya shubiri, mpenzi wa nchi atatokea kuwa adui yake. Washairi wetu wamekwisha kutendewa hivyo, na wanaolalamika ni haohao wanaowatendea wengine vivyo hivyo.

Tofauti iliyopo haiko katika utulivu wa lugha, iko katika kazi iliyofanywa. Waingereza walianza kuchapisha kamusi yao kuu ya Oxford mwaka 1884, wakaikamilisha 1928, na humo kila maana imewekewa ushahidi wa maandishi na mwaka wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inatoa maana, lakini haisemi maana ipi ilitangulia wala ilianza lini. Si kwamba maandishi ya kale hatuna. Utendi wa Tambuka una muswada wa mwaka 1728, na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamehifadhiwa. Kinachokosekana ni mikono ya kuyachambua neno kwa neno na karne kwa karne.

Hadi kazi hiyo ifanywe, kijana atamsoma Muyaka kwa maana za leo, akidhani amemwelewa. Naye Muyaka hayupo wa kumsahihisha.