Johnson na Langford wagombanisha babu na mjukuu

Alizeti ilikuwa imekwisha kupurwa na magunia yameegemezwa ukutani. Uani kwa familia moja, nje kidogo ya mji wa Singida, babu na mjukuu wake wa kidato cha nne walikuwa kwenye ubishi wao wa kila jioni: Jack Johnson na Sam Langford wangepanda ulingoni mara ya pili, nani angeshinda?

“Babu, walishapigana,” alisema kijana. “Mwaka 1906, raundi 15, kule Massachusetts. Johnson alishinda kwa pointi. Unataka nini tena?”

“Nataka marudiano. Langford alikuwa bado kijana, mfupi, na mwenzake alimzidi zaidi ya kilo 10. Alipokomaa, Johnson alimpa nafasi lini?”

Hapo babu ana hoja. Mabingwa weupe walimkwepa Johnson miaka mingi kwa sababu ya rangi yake, hata ikabidi amfuate Tommy Burns mpaka Sydney, Desemba 1908, ndipo akauchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mtu mweusi wa kwanza kuupata. Ungetarajia aliyefungiwa mlango amfungulie mwenzake. Wapi! Mwaka 1910 alipigana na Jim Jeffries kwa fedha nyingi, akamshinda raundi ya 15. Langford aliendelea kusubiri, mpaka Jess Willard akauchukua ubingwa huo Havana mwaka 1915.

“Si woga, ni biashara,” kijana alijitetea. “Kwa Langford palikuwa na hatari nyingi, hela kidogo.”

Mama yake, aliyekuwa akichambua mlenda, aliinua kichwa. Yeye anajua ubishi huu si wa Marekani. Kijana ameshatangaza kwamba akimaliza mtihani anakwenda Dar es Salaam kutafuta ngumi, awe kama Rashid Matumla.

“Na huyo Langford wenu,” aliuliza, “mwisho wake ulikuwaje?”

Babu alichelewa kujibu. Langford alipigana miaka zaidi ya 20, mengine akiwa haoni vizuri, hadi macho yakafa kabisa. Mwaka 1944 mwandishi wa habari alimkuta Harlem, New York, kipofu na fukara, katika chumba kidogo. Watu wakamchangia. Alifariki mwaka 1956, na ule ubingwa wa uzito wa juu hakuwahi kuugombea.

“Babu, mbona hilo hukunisimulia?”

“Hukuuliza, mjukuu wangu. Kila siku unauliza nani angeshinda.”

Ukimya ulikuwa mrefu. Mwishowe mama alitoa sharti: mtihani kwanza, halafu babu ampeleke mwenyewe kwa mwalimu wa ngumi, na kabla ya glovu daktari ampime macho. Kijana alikubali, kwa shingo upande.

Mama alipoingia jikoni na sufuria, alisikia sauti ya chini nyuma yake: “Lakini babu, tuseme marudiano ni mwaka 1910...”

“Raundi ngapi?” aliuliza mzee, akisogeza kigoda.