Riwaya Si Sumu kwa Watoto wa Kanisa

 Nimeshika kalamu kusema juu ya jambo linaloniudhi kila Jumapili. Huku kwetu Kisauni wako wazazi na wazee wa kanisa wanaoamini kuwa mtoto wa Kikristo akionekana na riwaya mkononi basi ameanza kupotea. Ati hadithi ya kubuni ni uongo, na uongo ni dhambi. Asome Biblia na vitabu vya shule, basi. Mimi husaidia kufundisha watoto wadogo katika Shule ya Jumapili, na nimeambiwa waziwazi nisiwaletee "vitabu vya dunia".

Napinga, na naomba nisikizwe.

Hebu tuitazame Biblia yenyewe. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kumfanyia njama mumewe akauawa vitani, nabii Nathani hakumwendea kwa kumsomea sheria. Alimhadithia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akapandwa na hasira juu ya tajiri yule, kumbe anajihukumu mwenyewe! Tajiri yule hakuwako popote, kisa kilitungwa. Na Yesu je? Nani aliwahi kuuliza baba wa mwana mpotevu alikaa mtaa gani? Sasa sisi ni nani hata tuwanyime watoto kitu ambacho Bwana alikitumia kufundishia?

Sisemi wapewe kila takataka inayouzwa kando ya barabara. Kitabu ninachotaka waanze nacho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Najua mtasema hicho ni cha zamani. Lakini kwa mtoto wa miaka kumi wa hapa ni kipya kabisa, manake hajapata hata kusikia jina lake. Wengine hukiita historia, wengine hukihesabu miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili. Mimi naona ni vyote viwili. Kinasimulia jinsi watu walivyokamatwa bara wakaletwa pwani kuuzwa, na jinsi waliokombolewa walivyoanza maisha mapya Freretown. Na Freretown si mbali, ni hapa hapa Kisauni! Wamishonari wa CMS walikianzisha kijiji hicho mwaka 1875, wakakipa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kukomesha biashara ya watumwa. Kila siku makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" na watoto wanashuka pale bila kujua kengele yenyewe iliwekwa na nani wala kwa nini. Babake mwandishi alikuwa mmoja wa waliokombolewa. Hata marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?" aliyefariki mwaka 2025, alitoka katika ukoo huo.

Lakini kumpa mtoto kitabu kisha ukaenda zako si kumfundisha, na hapa ndipo penye kazi. Mbotela aliwasifu Waingereza mno, na Waarabu akawapaka matope. Twaelewa sababu, maana aliyekomboa babako humsahau. Hata hivyo, mtoto wa Kikristo akikisoma peke yake anaweza kukifunga akiamini kuwa dhambi ina dini yake, na kesho amtazame vibaya Muislamu wanayeketi dawati moja. Huku kwetu, ambako darasa moja lina Fatuma na Grace, jambo hilo si mchezo.

Kwa hivyo anayemsomesha amweleze yote. Wareno waliojenga Fort Jesus mwaka 1593 walikuwa Wakristo, na walinunua na kuuza watu. Wafaransa walikuja Kilwa katika miaka ya 1770 kununua watumwa wa kulima mashamba ya Mauritius. Waafrika wenzetu nao waliuza majirani zao. Na hao Waingereza? Walitangaza himaya yao huku mwaka 1895, lakini utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Miaka 12 mizima! Pale Rabai, watumwa watoro walikuwa wamekimbilia misheni, na mabwana zao wakawadai. Mwaka 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alilipa fedha, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Aliyelipwa fidia ni bwana, si mtumwa! Mtoto akiuliza hiyo ni haki ya namna gani, jamani asikemewe. Swali kama hilo nabii Nathani angelifurahia.

Nakala za kitabu hiki si rahisi kupata madukani. Naomba Chama chetu cha Kiswahili kiulizie katika maktaba na kwa familia za zamani za Freretown, hata ikipatikana moja tu. Niko tayari kuwasomea watoto sura moja kila Jumapili baada ya ibada, kisha tuulizane maswali. Wale wazee wanaotukataza nao wakaribie, viti vipo. Huenda mmoja wao akasikia jina la babu yake.