Kichwa cha Garimoshi Hupimwa kwa Mzigo, si kwa Rangi

Mwaka 1939 kiwanda cha Electro-Motive, kilichokuwa mali ya General Motors, kilitoa huko La Grange, katika jimbo la Illinois, kichwa cha garimoshi la mizigo kinachoendeshwa kwa dizeli. Aina yake iliitwa FT, na namba yake 103. Kilikuwa na sehemu nne zilizoungwa pamoja, kila moja ikiwa na injini ya silinda 16 yenye nguvu za farasi 1,350. Kwa miezi kumi na mmoja kilizungushwa katika reli za makampuni 20 ya Marekani, kikipanda milima na kukata majangwa, kikasafiri zaidi ya kilomita 130,000. Ilipofika mwaka 1960 vichwa vya mvuke vilikuwa karibu kutoweka kabisa katika reli kubwa za nchi hiyo.

Baada ya FT zilifuata F7, GP9, na SD40-2 ya mwaka 1972 yenye nguvu za farasi 3,000. Vingi kati ya vichwa hivyo vimekwisha vunjwa, na vichache vimekaa kimya katika majumba ya makumbusho. Mtu wa kawaida anayetaka leo kukikalia kiti cha dereva (sisemi kushika usukani, maana garimoshi halina usukani) hana budi kuingia katika mchezo wa kompyuta. Microsoft ilitoa Train Simulator mwaka 2001, ikiwa na njia ya Marias Pass ya Montana. Na katika Train Sim World SD40-2 huvuta mizigo juu ya mlima wa Sand Patch, Pennsylvania. Wapenzi wa mambo haya huhesabu hata misumari ya bodi, huchunguza kivuli cha rangi ya kampuni iliyokwisha kufa, na hurekodi mlio wa injini halisi. Mimi nami ni mmoja wao, wala sioni haya kukiri.

Lakini nina lawama. Tunaisifu rangi, na hatuuulizi mzigo.

Katika vichwa hivi injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa kuwa nguvu za farasi zina kikomo, mvuto hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka: mwendo ukiwa maradufu, mvuto huwa nusu. SD40-2 ina uzito wa kiasi cha tani 167. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa huweza kuvuta kwa nguvu ya tani 37 hivi bila kukoma. Ikienda polepole zaidi ya hapo kwa muda mrefu, mota hupata joto na kuungua. Ikidai mvuto mkubwa zaidi, magurudumu huteleza juu ya reli, na dereva hana la kufanya ila kumwaga mchanga na kupunguza nguvu. Kipimo cha mkondo wa umeme kilichoko mbele yake ndicho kinachomwambia yote haya. Hiyo ndiyo tabia ya mashine. Kichwa kisichokuwa nayo ni picha tu, hata kikipakwa rangi namna gani.

Mwaka jana nilijaribu mchezo mmoja, ambao sitautaja jina, uliosifiwa sana kwa uhalisi wake. Niliongeza mabehewa mara mbili. Garimoshi likapanda mlima kama kwanza, na sindano ya kipimo haikutikisika.

Watu husema kwamba huu ni mchezo tu. Na watazame basi kilichotokea California tarehe 12 Mei 1989. Garimoshi la Southern Pacific lilikuwa likiteremka Cajon Pass na mabehewa 69 ya trona, yaani magadi, madini yale yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Karani alikisia uzito wa shehena, na hesabu ya garimoshi zima ikatoka kama tani 6,150 za Kimarekani. Uzito halisi ulikaribia 9,000. Mteremko ni wa asilimia 2.2. Tukigeuza tani hizo kuwa za kimetriki, dereva alidhani kwamba mlima unamsukuma kwa nguvu ya tani 123 hivi. Kumbe zilikuwa karibu 180. Zaidi ya hayo, breki ya umeme, ile inayogeuza mota kuwa jenereta na kuutupa mwendo kama joto hewani, haikufanya kazi katika baadhi ya vichwa, na yeye hakujulishwa. Breki ya dharura ilipokazwa, mitambo ilivyopangwa ikaikata hata ile breki ya umeme iliyosalia. Garimoshi liliacha reli kwa mwendo uliozidi kilomita 150 kwa saa, likaangukia nyumba za mtaa wa Duffy Street mjini San Bernardino. Watu wanne walikufa, wawili wao wakiwa watoto. Tarehe 25 Mei bomba la mafuta lililopita chini ya mahali pale likapasuka, likaua wengine wawili.

Kijana aliyejifunza kwa mchezo ambao ndani yake tani 9,000 ni sawa na tani 6,000 amefundishwa uongo, tena uongo wa kupendeza, wenye sauti halisi na kutu mahali pake. Katika vyuo vyetu vingi hatuna maabara ya reli. Kompyuta ndiyo maabara tuliyo nayo. Kwa hiyo natoa rai kwamba kila atengenezaye vichwa hivi atangaze wazi milinganyo aliyotumia: mvuto, msuguano, breki, joto la mota. Siri ya biashara si kisingizio, maana fizikia haina mwenyewe. Open Rails, programu inayoweza kusoma njia zilizoundwa kwa ajili ya ule mchezo wa mwaka 2001, imeyaweka maandishi yake yote mbele ya macho ya watu. Mwanafunzi akitilia shaka breki, huenda akaisoma.

Wakati huo huo, ndugu msomaji, jaribio ni rahisi. Chukua SD40-2 moja, iweke chini ya mwinuko wa asilimia 2, kisha ongeza mabehewa ya makaa yenye tani 119 kila moja. Kila tani hudai nguvu ya kilo 20 kuupanda mlima na kilo mbili hivi za msuguano. Kwenye behewa la 13 mwendo uwe unakaribia kilomita 18 kwa saa na mota ziwe zimefika kikomo chao. Ikiwa behewa la 25 linapanda bila taabu, waandikie waliokuuzia.