Gari la Aila Lipimwe kwa Kiti cha Nyuma

Imekuwa ada katika yadi za magari za Dar es Salaam na Mombasa kwamba mnunuzi akija kutazama gari la kuchukulia aila yake hufunguliwa mlango wa dereva, akakalishwa mbele ya usukani, akaonyeshwa redio na kiyoyozi, akapiga honi mara moja kwa furaha, kisha akashuka kwenda kuzungumza bei. Na akiuliza habari ya viti, swali lake aghalabu huwa moja tu, nalo ni gari linachukua watu wangapi. Huambiwa saba, au wanane, naye akaridhika, asitanabahi kwamba alichopewa ni hesabu ya viti, wala si hesabu ya magoti.

Natuyatwae magari mawili ambayo barabara zetu zimeyazoea mno: Toyota Wish yenye viti saba, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2003, na Toyota Noah yenye viti vinane, iliyoitangulia mwaka 2001. Yakiegeshwa ubavu kwa ubavu, Wish ina urefu wa milimita 4,550 na Noah ya toleo hilo milimita 4,565, tofauti ya upana wa kidole. Mapana yao ya kawaida ni mamoja, milimita 1,695, wala hiyo si sadfa, kwani kanuni za Japani hulihesabu gari katika daraja la madogo maadamu halipiti urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2, na waundaji wengi walipenda kubaki ndani ya mipaka hiyo. Basi mafundi waliozuiwa kwenda kando walikuwa na njia moja tu ya kuachana, nayo ni ya juu: Wish ina kimo cha milimita 1,590, na Noah milimita 1,850. Zimezidiana shubiri moja na ushei, na katika shubiri hiyo ndimo ilimo raha ya safari nzima.

Sababu yake si siri. Kiti kikiinuka vya kutosha juu ya sakafu, miguu huteremka wima kama ya mtu aliyeketi barazani, na paja lote hulala juu ya mto; lakini kiti kikikaribiana na sakafu, magoti hupanda kukielekea kidevu, paja huelea hewani, na uzito wa kiwiliwili chote hushukia nyonga na kiuno. Tena aliyekaa wima huhitaji nafasi ndogo mbele yake kuliko aliyenyoosha miguu, na kwa hiyo gari refu la kimo huweza kupanga mistari mitatu ya viti pale ambapo gari fupi huibana tu. Katalogi za Japani hutaja urefu, upana na kimo cha ndani kwa milimita, nazo ni sahihi. Lakini hazimwambii mtu goti la abiria wa mstari wa tatu litakwenda wapi pindi dereva akirudisha kiti chake nyuma na wa mstari wa pili naye akirudisha chake.

Mimi elimu hii sikuipata katika katalogi. Tulikuwa watu saba katika gari la viti saba, ambalo jina lake nitalisitiri, tukitoka Dar es Salaam kwenda arusini Tanga, safari ya kilomita 350 hivi, yenye matuta yasiyo idadi. Shangazi yangu tulimweka mstari wa kati kwa taadhima, na watoto nyuma; lakini kabla hatujafika Segera mtoto mmoja akachafukwa na moyo, na shangazi, kwa huruma yake, akasema wabadilishane. Tulipowasili aliteremka kwa kushikwa mikono miwili, akasimama kitambo akiushikilia mlango, buibui limekunjamana hadi kiunoni, kisha akaniuliza bila ya hasira: “Baba, gari hili ulilinunua ukiwa umekaa wapi?”

Sikuwa na jawabu, kwa kuwa nililinunua nimekaa mbele. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi akina baba ndio tunaochagua gari na ndio tusiokaa nyuma kamwe, mahali ambapo viti hukaa juu ya magurudumu na kila tuta humfikia abiria likiwa bichi.

Insafu yanitaka niseme na la upande wa pili. Wish hunywa mafuta kidogo kuliko Noah, na kwa kuwa imelala karibu na ardhi hutulia katika kona na upepo, ilhali gari refu la kimo huyumba; na mtu mwenye watoto wawili, ambaye mstari wa tatu ataufungua mara mbili kwa mwaka, hana haja ya kubeba dari la juu kila asubuhi aendapo kazini. Wala viti vinane vya Noah visipokewe bila hadhari, kwani upana wa ndani ni kama mita 1 na nusu, na watu wazima watatu wakigawana huo kila mmoja hupata nusu mita, mabega yamo humo humo. Vilevile mstari wa tatu ukishajaa watu, masanduku hubaki na kipande chembamba tu cha buti, na hapo ndipo mizigo hupakatwa.

Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba mnunuzi asiende yadi peke yake. Na aende na aliye mkongwe na aliye mrefu katika nyumba yake. Kiti cha dereva kiwekwe pale kitakapokaa kweli. Mkongwe apande na kushuka mara tatu. Kisha wote wakae nusu saa, milango imefungwa, ndipo habari ya bei ianze.

Gari letu la pili nililinunua hivyo. Muuzaji aliponinyooshea ufunguo ili nisikie redio, nilimwomba angoje kidogo, nikabaki nje kivulini, nikimsubiri shangazi amalize uradi wake katika kiti cha mwisho.