Kabla ya Seva Mpya, Tupimeni Iliyopo

Wiki ya usajili muhula huu nilikesha siku mbili nje ya maktaba, laptopu mapajani, nikibonyeza kitufe kimoja tu. Kiduara kinazunguka weee, halafu ukurasa unakufa. Siku ya tatu mfumo ulipoamka, muda wa usajili ulikuwa umekwisha. Nikalipa faini ya kuchelewa kwa hela ya kula. Rumeti wangu hakuwa nayo. Amekosa kozi ya lazima, na kozi hiyo itarudi mwakani.

Tulipouliza, tukapewa jibu la kila muhula: seva imezidiwa, tunasubiri bajeti ya mpya. Nasoma kompyuta mwaka wa tatu, na jibu hilo halinishibishi.

Nikiwa field mwaka jana, nilikuta ofisi ambayo kutafuta taarifa za mteja mmoja kulichukua karibu dakika nzima. Bosi alishaomba mashine mpya. Kaka niliyepangiwa kufanya naye kazi akaniambia, "Dogo, usiguse kitu kabla hujapima." Tukawasha daftari la maswali yanayochelewa. MySQL inalo, ila huja likiwa limezimwa, na hata ukiliwasha, bila kulirekebisha linaandika tu swali lililozidi sekunde 10. Tukashusha hadi sekunde 1. Swali lililokuwa likijirudia tukaliwekea neno EXPLAIN mbele, na seva ikatuonyesha inavyohangaika: ilikuwa inasoma jedwali zima, mstari kwa mstari, kumtafuta mtu mmoja. Tukaunda fahirisi kwenye safu ya namba ya mteja. Jibu likaanza kutoka papo hapo. Mashine ni ile ile.

Fahirisi ni kama ile ya nyuma ya kitabu: hupekui kurasa zote, unakwenda moja kwa moja. Ina gharama yake, maana kila unapoingiza data mpya na fahirisi nayo lazima isasishwe. Ndiyo maana huweki kila mahali kama chumvi. Unapima, ndipo unaweka.

Kuna na kumbukumbu. Injini ya InnoDB ndani ya MySQL huja imetengewa MB 128 tu za kuhifadhi data inayotumika mara kwa mara. Ukiiacha hivyo kwenye seva ya GB 16, umenunua basi la abiria sitini ukawaambia wakae kiti cha mbele tu, wengine wasubiri stendi. Kwenye mashine inayofanya kazi ya kanzidata peke yake, wengi huitengea hadi asilimia 80 ya RAM. Na ukiona watu wengi wanagoma kuingia, usikimbilie kuongeza idadi ya miunganisho kutoka ile 151 ya kawaida. Kila muunganisho unakula kumbukumbu. Ukifungulia elfu moja kwa mpigo, unaweza kuiua kabisa.

Sidai kwamba ugonjwa wa chuo chetu ni huo huo. Ninachodai ni kipimo. Daktari anayeandika dawa ya bei kali bila kupima damu tungemshangaa, sasa kwa nini kwenye seva tunanyamaza? Mashine mpya ikiwekewa maswali yale yale mabovu, itachoka muhula utakaofuata, na hela itakuwa imeshaondoka.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke mambo matatu mezani. Kwanza, mfumo ujaribiwe kwa mzigo wa kweli kabla dirisha halijafunguliwa. Pili, tuambiwe kipimo kilionyesha nini kabla seva mpya haijanunuliwa. Tatu, siku ambazo mfumo umelala zisihesabiwe, na faini zake zifutwe.

Mimi deni langu nimeshalila kwa njaa. Rumeti wangu analipa mwaka mzima, kwa kosa ambalo si lake.