Sawa kwa Sura, au Kitu Kimoja?

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliotutangulia shuleni hapa, naomba nafasi ndogo niseme neno juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni namna ya kuiuliza kompyuta kama vitu viwili ni sawa.

Muhula uliopita Bwana Mwalimu alinipa kazi ya kutengeneza programu ya kuonyesha nani amelipa ada ya chakula. Niliiandika kwa JavaScript, lugha aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku 10 tu. Programu ilichukua kumbukumbu ya kila mwanafunzi aliyelipa ikaitia katika orodha. Kisha wavulana watatu waliochelewa wakaleta stakabadhi zao. Hao niliwaandika upya mimi mwenyewe, jina na kidato, herufi kwa herufi. Programu ilipotafuta kumbukumbu ya kila mmoja katika orodha, waliolipa wote walionekana isipokuwa wale watatu. Mmoja wao, mtoto wa Kidato cha 1, alisimamishwa mlangoni mwa bwalo na stakabadhi mkononi, huku wenziwe wanakula. Nilipoitwa niliona haya sana, maana kosa lilikuwa langu.

Sababu yake ni hii. Katika JavaScript namba 5 na namba 5 ni sawa, na neno moja likiandikwa mara mbili ni sawa pia. Lakini kitu chenye sehemu ndani yake, kama kumbukumbu au orodha, hakipimwi kwa yaliyomo. Alama tatu za usawa (===) huuliza: je, hiki na kile ni kitu kimoja? Ukiandika [1, 2] mara mbili, umefanya orodha mbili, na jibu ni hapana. Alama mbili (==) nazo hutoa jibu lilo hilo. Ni kama daftari mbili mpya za duka moja: zinafanana kabisa, lakini ukiandika katika moja, ya pili hubaki tupu.

Wako wenzangu wasemao kwamba lugha hii ni mbovu, afadhali Python, ambayo alama zake mbili za usawa hutazama yaliyomo katika orodha. Wengine husema tugeuze kila kumbukumbu kuwa maandishi, ndipo tulinganishe. Mimi naona hayo hayatoshi. Maandishi yakitanguliza jina hapa, na kule yakitanguliza kidato, yatahesabiwa mbalimbali ingawa habari ni ile ile.

Na Python je? Kweli, ingaliwaokoa wale watatu. Lakini sisi tuko Uganda, na hapa Kato ni jina la pacha mdogo wa kiume, basi akina Kato ni wengi. Tuseme wako wawili katika kidato kimoja, nao wameandikwa kwa jina hilo tu. Mmoja amelipa, mwingine bado. Ukilinganisha yaliyomo, wote wawili wamelipa! Kosa langu lilimnyima chakula aliyelipa, naye akalia tukamsikia. Kosa hili la pili lingekaa kimya, kwani apitaye bila kulipa hapigi kelele.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya kugusa kompyuta, mtu ajiulize kwanza anataka usawa gani. Je, ni kitu kimoja? Au ni vitu viwili vinavyofanana? Au ni habari mbili za mtu yule yule? Ikiwa ni habari za watu, kila mtu apewe namba yake, nasi tulinganishe namba hizo. Nami nimefanya hivyo: sasa programu hutazama namba ya kuandikishwa shuleni, na wale watatu wanaonekana.

Tusiilaumu mashine. Ilijibu sawasawa lile nililouliza. Mimi ndimi niliyeuliza lisilo. Nanyi ndugu zetu mnaofanya kazi katika benki, hospitali na maofisi, nawasihi mkumbuke kwamba nyuma ya kila kumbukumbu yuko mtu, na pengine amesimama mlangoni na stakabadhi yake mkononi.